Picha Zilizobaki Kwenye Kamera ya Zamani: Jinsi ya Kuzihamishia Kwenye Kompyuta Bila Kuzipoteza

Katika nyumba nyingi za Mutanga Nord, jijini Bujumbura, zilizokaliwa na familia moja kwa miaka, hukosi kukuta kamera ndogo ya dijitali ndani ya kabati la sebuleni: Canon PowerShot, Sony Cyber-shot, Nikon Coolpix, au Olympus ambayo kifuniko cha betri kimeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Hiyo ndiyo iliyobebwa harusini, kwenye komunyo ya kwanza, kwenye kuondoa matanga na ufukweni Jumapili mchana. Simu zilipoanza kupiga picha nzuri, kamera ikawekwa kando, na mara nyingi kadi ikabaki humo humo ndani.

Kadi hiyo yaweza kuwa imebeba vitu ambavyo havipigiki tena. Soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Aliyepiga picha pale kabla ya siku hiyo ana kumbukumbu ambayo simu ya leo haiwezi kuitengeneza. Sherehe za miaka 50 ya uhuru wa Burundi zilikuwa 1 Julai 2012, na kamera nyingi za aina hii zilikuwa mikononi mwa watu siku ile. Na zaidi ya soko na sherehe, kuna nyuso: babu aliyekwisha kuondoka, mtoto ambaye sasa yuko Ubelgiji au Kanada.

Kazi ya kuzihamisha si ngumu. Wanaopoteza picha huzipoteza kwa haraka: wamebonyeza “ndiyo” mahali pa “hapana”, au wamefuta kadi kabla ya kuangalia kama picha zimefika. Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja inayotangulia zote: usifute, usifomati wala usirekebishe chochote kwenye kadi mpaka picha ziwe zimekaa mahali pawili pengine na umezihesabu.

Anza na kadi, usianze na kamera

Kamera isiyowaka haimaanishi picha zimekufa. Picha ziko kwenye kadi, na kadi haihitaji betri ili ihifadhi kitu. Kamera ikiwa imepasuka kioo, lenzi imekwama nje, au chaja ilipotea mlipohama nyumba, toa kadi uendelee na kazi. Fungua mlango wa betri au mlango mdogo wa ubavuni, sukuma kadi ndani kidogo kwa ukucha, iachie, nayo itajitokeza yenyewe. Ikigoma, usiivute kwa koleo, isukume tena.

Sasa itazame. Aina unazoweza kukutana nazo ni hizi:

- SD. Ina ukubwa wa stempu ya barua, kona moja imekatwa, na ubavuni ina kiswichi kidogo. Ilitangazwa mwaka 1999 na Panasonic, SanDisk na Toshiba, na ndiyo iliyoshinda nyingine zote. Ukiona maandishi SDHC, hiyo ni ndugu yake ya mwaka 2006, inayofika gigabaiti 32. Kisoma kadi cha leo husoma zote mbili. Kisoma kadi cha kale sana huenda kisiitambue SDHC.
- Memory Stick. Ni ya Sony, ya tangu 1998. Ya kwanza ilikuwa nyembamba na ndefu; iliyofuata, iliyoandikwa Duo au PRO Duo, ni fupi zaidi. Sony ilianza kukubali kadi za SD kwenye kamera zake mwaka 2010, kwa hiyo Cyber-shot ya kabla ya hapo karibu kila mara ina hii.
- xD. Ilitolewa mwaka 2002 na Olympus na Fujifilm. Ni ndogo kuliko SD na haizidi gigabaiti 2. Hii ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu visoma kadi vingi vya sasa havina tundu lake.
- CompactFlash. Ni nene, na ukingoni ina safu mbili za matundu madogo. Ilitumika kwenye kamera kubwa za wapiga picha wa kazi. Unapoiingiza kwenye kisoma kadi usiilazimishe, maana visindano vya ndani vikipinda, kifaa kimekwisha.

Ikiwa ni SD, fanya jambo moja kabla ya yote: sogeza kiswichi cha ubavuni upande ulioandikwa “Lock”. Kwenye visoma kadi vingi, kadi sasa inasomeka lakini haiandikiki. Kompyuta haitaifuta, na virusi havitaingia. Mwendo wa milimita chache, nao ni kinga kubwa kuliko programu nyingi za kununua.

Viunganishi vya rangi ya dhahabu vikiwa na ukungu au vumbi, vipanguse taratibu kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Bujumbura iko kando ya ziwa, na kifaa kilichofungiwa kwenye droo misimu kadhaa ya mvua hupata unyevu. Ukiona kadi ina majimaji au kutu, iache mahali pakavu penye hewa siku nzima kabla ya kuigusisha na umeme.

Njia ya kwanza: kisoma kadi

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kila mtu anayeweza kukipata kifaa hiki. Ni kisanduku kidogo kinachoingia kwenye tundu la USB la kompyuta, na laptopu nyingi zina tundu la SD tayari ubavuni. Haihitaji betri ya kamera, haihitaji waya maalumu, na kadi huonekana kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida.

Ukienda kununua, mjini au sokoni Kwa Siyoni, nenda na kadi yenyewe. Usiseme tu “nataka kisoma kadi”. Muuzaji atakwambia, “Mama, hii inasoma zote.” Mjibu kwa upole: “Haya kaka, tuijaribu hapa hapa.” Kwa mwenye SD hakuna shida, kwa mwenye xD au Memory Stick, jaribio hilo la dakika moja litakuokolea safari ya pili. Na akikujaribia kwenye kompyuta yake, hakikisha kiswichi kimefungwa kama kadi ni SD.

Usiye na kompyuta nyumbani unaweza hata kutumia simu ya Android, ukiwa na kisoma kadi na kiunganishi kidogo cha OTG kinachoingia kwenye tundu la chaja. Fungua programu ya faili kwenye simu, utaiona kadi, kisha unakili. Simu ina nafasi ya kutosha: picha ya kamera ya megapikseli 5 huwa kama megabaiti 2, kwa hiyo kadi nzima ya gigabaiti 2 ina picha elfu moja hivi.

Njia ya pili: waya

Kama huna kisoma kadi, au kadi yako ni xD, kamera yenyewe itakuwa kisoma kadi chako. Hapa unahitaji vitu viwili: umeme na waya wa kweli.

Kwanza umeme. Kamera inayozimika katikati ya kazi inaweza kuharibu faili. Kama inatumia betri za kawaida za AA, usitie zile za bei ndogo kabisa za dukani, za zinki na kaboni. Zinatosha redio na saa ya ukutani, lakini kamera huvuta umeme mwingi kwa mpigo: utaona lenzi inatoka, halafu kioo kinazima. Tia za alkalini mpya, au za kuchaji za NiMH zilizojaa. Kama inatumia betri bapa ya lithiamu, tafuta namba iliyoandikwa juu yake, mfano NB-4L kwa baadhi ya Canon, NP-BG1 kwa baadhi ya Sony, EN-EL10 kwa baadhi ya Nikon. Namba hiyo ndiyo utakayomtajia muuzaji au fundi. Betri iliyovimba usiichaji na usiichome. Itoe uiweke mbali na watoto.

Pili waya. Canon nyingi hutumia kichwa cha mini-USB, kile kidogo chenye umbo la mraba uliobanwa kidogo pembeni. Nikon, Olympus na Sony nyingi zilikuwa na vichwa vyao wenyewe, kwa hiyo waya wa jirani unaweza usiingie. Na hata ukiingia, jua kwamba waya mwingi unaouzwa ni wa kuchaji tu: ndani una nyuzi za umeme bila nyuzi za data. Dalili yake ni kwamba unachomeka na kompyuta haisemi kitu. Badilisha waya kabla ya kuilaumu kamera.

Chomeka waya kamera ikiwa imezimwa, kisha iwashe kwenye hali ya kutazama picha, yenye alama ya pembetatu. Canon nyingi hazijibu kompyuta zikiwa kwenye hali ya kupiga. Kwenye kompyuta ya mezani tumia tundu la USB la nyuma. La mbele mara nyingi ni dhaifu.

Ile CD iliyokuja na kamera huihitaji. Ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za enzi ya Windows 98 na XP. Windows za sasa, Mac na Linux zinazitambua kamera hizi bila kusakinisha kitu. Nikon na nyingine kadhaa zina mpangilio wa USB kwenye menyu wenye machaguo mawili, PTP na Mass Storage. Moja likikataa, jaribu la pili.

Kunakili, hatua kwa hatua

Kompyuta nyingi hapa Bujumbura zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo nakutajia maneno kama utakavyoyaona kwenye kioo.

1. Fungua folda “Images” na utengeneze ndani yake folda mpya kwa ajili ya kadi hii peke yake. Ipe jina, mfano “Kadi 1 Sony”.
2. Ingiza kadi au chomeka kamera. Likitokea dirisha linalotaka kuichunguza na kuirekebisha kadi, chagua kuendelea bila kuchunguza. Likitokea linalosema ni lazima ifomatiwe, bonyeza “Annuler” na usome sehemu ya kadi inayogoma hapa chini.
3. Fungua “Ce PC”. Utaona ama herufi mpya ya diski, ama jina la kamera.
4. Ingia ndani utafute folda iitwayo DCIM. Watengenezaji walikubaliana utaratibu huu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo ipo kwenye karibu kila kamera. Ndani yake mna folda kama 100CANON, 100MSDCF ya Sony au 100NIKON, na humo ndimo zilimo picha: IMG_0001, DSC00001, DSCN0001.
5. Bofya DCIM kwa kitufe cha kulia, chagua “Copier”. Usichague “Couper” hata siku moja. Umeme ukikatika katikati ya “Copier”, kadi haijapoteza kitu, utaanza upya. Ukikatika katikati ya “Couper”, huwezi kujua kilichobaki upande upi.
6. Rudi kwenye folda yako mpya, chagua “Coller”, na usubiri.

Subira ni muhimu kwa njia ya waya. Kamera za mwanzo za miaka ya 2000 zilipitisha data polepole, kama megabaiti moja kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti moja inaweza kuchukua zaidi ya robo saa. Ni kawaida. Usichomoe kwa sababu mstari wa kijani umesimama kidogo. Na kwa vile umeme wa Regideso hauna ahadi, fanya kazi hii kwenye laptopu yenye betri iliyojaa, au kompyuta ya mezani iliyo kwenye onduleri (UPS).

Kila kadi ipewe folda yake, na sababu yake ni hii: kamera huanza kuhesabu upya, ama ikifika picha ya 9999, ama ikitiwa kadi mpya. Kwa hiyo IMG_0001 ya harusi na IMG_0001 ya ubatizo ni picha mbili zenye jina moja. Ukizitupia folda moja, Windows itauliza kama ibadilishe ya zamani kwa mpya, na ukibonyeza bila kusoma, harusi imekwenda.

Wenye Mac watumie programu ya “Transfert d’images” iliyomo kwenye kompyuta tangu mwanzo. Huonyesha kamera na kadi, kisha unachagua folda ya kupokelea. Hakikisha kile kisanduku cha kufuta baada ya kuhamisha hakina alama.

Pembe mbili zinazosahaulika

Kamera nyingi zilikuwa na kumbukumbu ndogo ya ndani, ya megabaiti chache, iliyotumika pale kadi ilipokosekana au kusahaulika nyumbani. Kwa kamera nyingi, kadi ikiwa ndani picha hizo hazionekani kabisa. Kwa hiyo kamera yako ikiwaka, maliza kadi kwanza, kisha itoe, washa kamera bila kadi na utazame. Ukikuta picha, zihamishe kwa waya, au tia kadi nyingine tupu na utafute kwenye menyu amri ya kunakili kutoka ndani kwenda kwenye kadi.

Pembe ya pili ni video. Baadhi ya kamera za Sony huweka video nje ya DCIM, kwenye folda iitwayo MP_ROOT. Ukinakili DCIM tu, sauti ya bibi akiimba harusini inabaki kwenye kadi. Kwa hiyo ukishaona kuna folda nyingine pembeni ya DCIM, nakili zote. Video hizo, zenye mwisho wa AVI, MOV au MPG, zikikataa kucheza kwenye Windows, jaribu programu ya bure ya VLC.

Hesabu kabla ya kushukuru

Hapa ndipo watu wengi huruka. Bofya DCIM ya kwenye kadi kwa kitufe cha kulia, chagua “Propriétés”, uandike idadi ya “fichiers” na ukubwa wake. Fanya hivyo hivyo kwa ile uliyonakili. Kadi ikisema faili 412, kompyuta nayo iseme 412. Ikisema 409, kuna tatu zilizokwama, nakili tena. Kamera iliyounganishwa kwa waya inaweza isikuonyeshe hesabu hiyo. Basi ingia katika kila folda, chagua zote, ulinganishe idadi.

Kisha fungua picha zenyewe, si vijipicha vidogo tu. Fungua ya kwanza, ya mwisho na kadhaa za katikati. Kijipicha kinaweza kuonekana salama wakati picha kubwa imekatika nusu, chini pakiwa na rangi ya kijivu. Ukikuta ya namna hiyo, rudia kuinakili kutoka kwenye kadi; mara nyingi ni waya uliotikisika.

Kadi inapogoma

Windows ikisema kadi inahitaji kufomatiwa, jibu ni “Annuler”. Ujumbe huo haumaanishi kadi ni tupu. Maana yake ni kwamba orodha inayosema picha ipi iko wapi imeharibika. Picha zenyewe huenda zipo. Kwanza jaribu kisoma kadi kingine, tundu jingine, kompyuta nyingine. Matatizo mengi huishia hapo.

Ikiendelea kugoma, kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyotengenezwa na Christophe Grenier. Haitegemei orodha ile. Hupita kwenye kadi kipande kwa kipande ikitafuta mwanzo wa kila picha. Huokoa hata picha zilizofutwa, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Masharti ni matatu: tumia kisoma kadi, kwa sababu kamera nyingi zikiwa kwenye waya hazionekani kama diski, hifadhi kinachookolewa kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi hiyo hiyo, na ujue majina ya faili yatapotea, utapata namba tupu. Kama umefuta kwa bahati mbaya, acha kupiga picha na kadi hiyo dakika hiyo hiyo.

Fundi atakayekwambia “tuifomati kwanza ndipo isome” mshukuru, chukua kadi yako, uondoke.

Ukifanyia kazi saiba

Hatari ya saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, ni virusi na macho ya watu. Kirusi kinachojulikana sana ni kile kinachoficha folda zako na kuweka mahali pake “raccourci” zenye jina lile lile na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Mtu huogopa kwamba picha zimefutwa. Mara nyingi zimefichwa tu. Usibofye hizo njia za mkato. Kwenye kompyuta safi fungua “Invite de commandes” na uandike amri hii, ukibadilisha E kwa herufi ya kadi au flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana tena. Nakili picha peke yake, uache kila kitu kingine. Amri hii huandika kwenye kadi, kwa hiyo hapa, na hapa tu kabla ya kazi kumalizika, kiswichi cha SD hufunguliwa kwa muda. Kompyuta yenye Linux haisumbuliwi na kirusi hiki na itakuonyesha yaliyofichwa.

Ukimaliza, usiache picha za familia kwenye kompyuta ya saiba. Zifute kwa Shift na “Suppr” ili zisiingie “Corbeille”, na ufunge akaunti yako ya barua pepe. Picha za zamani huwa na watu ambao leo wana maisha mengine na huenda hawapendi kuonekana walipokuwa, walikuwa na nani au walihudhuria nini. Kabla ya kuzisambaza, waulize.

Tarehe na majina

Kila picha hubeba ndani yake tarehe ya kupigwa. Utaiona ukibofya “Propriétés” kisha “Détails”. Lakini tarehe hiyo ni ya saa ya kamera, na kamera iliyokaa muda mrefu bila betri hurudi siku ya kwanza ya kalenda yake. Ndiyo maana unakuta harusi ya 2011 imeandikwa 1 Januari 2006.

Kuna njia ya kusahihisha. Tafuta kwenye kadi hiyo picha moja ambayo siku yake haina ubishi: bango la 1 Julai 2012, cheti cha ubatizo mezani, keki yenye miaka ya mtoto. Linganisha na tarehe ya kamera upate tofauti. Tofauti hiyo hiyo ndiyo ya picha zote zilizofuata, mpaka saa iliporekebishwa au kurudi mwanzo tena. Mwenye moyo wa kompyuta anaweza kuzisogeza zote pamoja kwa programu ya ExifTool. Kwa wengine inatosha kuandika tarehe kwenye jina la folda, mwaka ukitangulia: “2012-07 Uhuru miaka 50”, “2009-12 Harusi ya Shangazi”. Mwaka ukiwa mbele, kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano.

Majina ya watu kamera haikuyaandika popote. Keti na wazee picha zikiwa kwenye kioo kikubwa, na mtu mmoja aandike kwenye faili ya maandishi ndani ya folda hiyo hiyo: namba ya picha, nani kasimama wapi, mtoto wa nani. Andika pia mahali kwa jina la wakati ule na la sasa. Mutanga Nord ilikuwa katika komini ya Gihosha kabla komini 13 za jiji hazijaunganishwa kuwa tatu. Leo iko Ntahangwa. Mjukuu atakayesoma Gihosha peke yake atatafuta mahali pengine.

Mahali pa kuziweka

Kadi na flashi huhifadhi picha kwa chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani, na chaji hizo huvuja polepole kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo usiseme “zipo kwenye flashi” ukalala. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba kabisa. Moto, mwizi na mmomonyoko wa kingo za mto Ntahangwa havichagui kati ya laptopu na diski zilizo kwenye kabati moja. Mpe dada aliyeko Gitega au mtoto aliyeko Brussels nakala yake. Safari ijayo mtu abebe flashi.

Mtandaoni, Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zikigawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Nafasi ya bure isiyo na kikomo kwa picha ilikoma tarehe 1 Juni 2021, kwa hiyo usifuate ushauri wa zamani. Kwa kuwa vifurushi vya intaneti vina gharama, pandisha kwanza zile ambazo ungelia ukizikosa.

WhatsApp si ghala. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, huibana na kuondoa tarehe iliyomo ndani. Ndugu aliye mbali akitaka picha ya kuchapisha, mtumie kama “Document”, itafika kama ilivyo.

Baada ya hapo, kadi

Hesabu ikishalingana na nakala zikiwa mahali pawili nje ya kadi, uko huru. Kama unataka kuendelea kupiga na kamera hiyo, fungua kiswichi ikiwa ni SD, kisha ifomati kadi kwa menyu ya kamera yenyewe, si kwa kompyuta, ili kamera iipange inavyopenda. Kama kamera unaigawa au kuiuza, baki na kadi. Kufomati hakufuti picha kwa kweli, na umeona hapo juu jinsi PhotoRec inavyozirudisha. Kagua na kumbukumbu ya ndani. Kama huihitaji kadi tena, iandike mwaka kwa kalamu, uifunge kwenye bahasha kavu, iwe nakala ya ziada.

Ukiwa na jioni moja tu wiki hii, usianze kupanga wala kuandika majina. Funga kiswichi, nakili, hesabu, nakili mara ya pili kwenye diski nyingine. Kazi ya majina ipangie Jumapili, wazee wakiwapo.